Kuchapa upya stika za kiwandani chini ya boneti: Datsun 240Z na magari mengine ya zamani

#1 L24_Nakuru

Wakuu, salaam. Datsun 240Z ya 1972, usukani kulia, iko gereji inasubiri kuvuliwa kila kitu ipigwe rangi upya, chini ya boneti pamoja. Stika za kiwandani zilizobaki ni tatu. Ya boksi la chujio la hewa imechanika na robo ya maandishi imeliwa na petroli. Ya tahadhari ya feni ni nzima, ila nyekundu yake imegeuka pinki. Ya tatu ni kipande tu, unasomeka mstari mmoja. Jamaa wa stika za matatu anasema apewe picha za simu, kesho yake zote ziko tayari. Njia hiyo inafaa? Na kipi kifanyike kabla rangi ya zamani haijang'olewa?

#2 SkriniNaWino

Mkuu, usimpe bado. Simu ikisogezwa karibu inapindisha umbo: katikati panavimba, pembe zinakimbia, na kipimo halisi hakipo popote kwenye picha. Stika ya 120 mm ikitoka 116, anayelijua gari ataona kabla hajasoma neno.

Kabla thina haijagusa bati, fanya haya.

Pima mahali ilipo kila stika. Chagua vitu viwili visivyohama, mfano tundu la boliti na ukingo wa bati la mbele la rejeta, kisha pima kutoka kila kimoja hadi pembe mbili za stika. Andika milimita. Vipimo vya pembe moja havitoshi, maana havikuonyeshi kama stika ilikaa imeinama. Viwandani zilibandikwa kwa mkono, kuinama kidogo ni kawaida.

Angalia na pale ambapo hakuna stika. Rangi iliyofunikwa miaka mingi haijapigwa na joto wala mvuke wa oili, kwa hiyo hubaki na mng'ao tofauti. Zima taa, mulika tochi ubavuni, karibu ulale na bati. Mstatili ukijitokeza, hapo palikuwa na stika. Pima na hapo.

Kisha piga picha ukiwa mita moja na nusu au mbili, ukivuta kwa lenzi na si kwa miguu, kamera ikitazamana na stika uso kwa uso. Weka rula ya chuma kando ya stika, katika usawa uleule. Rula ikiwa nyuma au mbele ya stika, kipimo kitadanganya.

Inayoweza kutoka salama, itoe uiskani. Pasha kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka gundi ilegee, kisha pitisha uzi wa nailoni wa kuvulia samaki kati ya stika na bati ukiuvuta kama msumeno. Usivute stika yenyewe, ikinyooka tu umepoteza kipimo. Stika za karatasi hazitoki nzima. Hizo zichukulie palepale kwa karatasi ya kuchorea ramani na penseli ngumu.

Skani kwa dpi 600 (nukta kwa inchi), na kama herufi ziko chini ya 2 mm, 1200. Tumia skana ya zamani nene, yenye taa na vioo ndani, kuliko hizi nyembamba. Nyembamba inaona vizuri kile tu kilichogusa kioo. Pembe ikijikunja milimita mbili inakuwa ukungu.

#3 PickupA12

Mbona mnaifanya ngumu? Kariakoo na Kirinyaga Road vinili ipo, printa zipo, stika ya saizi ya kiganja ni dakika kumi. Vinili hiyohiyo inakaa kwenye daladala miaka mitatu juani bila kubanduka. Chini ya boneti hakuna hata jua.

#4 SkriniNaWino

Jua halipo, mkuu, lakini kuna joto, petroli, oili na mafuta ya breki, na daladala haina hivyo ubavuni.

Vinili ya bei nafuu hutengenezwa kwa kubanwa kati ya roli za moto mpaka iwe karatasi. Inapoa ikiwa imevutwa, na nguvu ya ule mvuto inabaki ndani. Ukiipasha inataka kurudi ilikotoka, kwa hiyo inasinyaa. Ubavuni mwa basi inashikwa na eneo kubwa, huoni. Stika ya 80 mm juu ya kifuniko cha valvu, ambacho hupata joto karibu na la oili yenyewe, nyuzi 90 hadi 110, itasinyaa hata milimita moja kila upande. Pembeni inabaki mistari ya gundi tupu, vumbi linanasa, unapata fremu nyeusi kuizunguka stika. Ndiyo sura ya kwanza ya stika iliyokosewa.

Vinili inayomiminwa ikiwa majimaji haina mvuto huo, ni afadhali sana, lakini ni laini mno kuigiza stika ya miaka ya 1970.

Ya pili ni gundi. Baadhi ya roli za bei nafuu zina gundi ya jamii ya mpira, inayolegea joto likifika nyuzi 70 hivi. Unayoitaka ni ya akriliki, ya kudumu. Uliza kabla ya kununua. Muuzaji asipojua, bandika kipande kwenye bati lililopakwa rangi, kiweke kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa moja, kisha kisukume na kidole kikiwa bado cha moto. Kikiteleza, kirudishe.

Ya tatu ni wino. Wino wa maji wa printa za ofisini unaondoka kwa tone la petroli. Wa printa za mabango, wa kuyeyushwa na kemikali, unavumilia zaidi, lakini mafuta ya breki yanaula.

#5 PickupA12

Nimekuelewa. Basi tupe jina la hicho kitu sahihi, na kwa anayetaka stika tatu tu, si mia.

#6 SkriniNaWino

Poliesta. Filamu ya mikroni 50, yenye gundi ya akriliki nyuma, nyeupe au fedha kulingana na asili yako. Haisinyai kwa joto la injini na haiyeyuki kwa petroli. Ndiyo inayotumika kwa lebo za mitambo viwandani, kwa hiyo uliza kwa wanaochapa lebo za mashine na mita, siyo kwa wachapa mabango. Hakikisha uso wake umepakwa tabaka la kupokea wino. Poliesta tupu ni kama kioo: wino unakaa, unakauka, siku ya tatu unabanduka kama ganda la kitunguu.

Kuipima ni rahisi. Chapa, acha ikauke siku nzima, kwaruza mistari ya msalaba kwa wembe, bandika selotepu, ing'oe kwa nguvu. Wino ukitoka na selotepu, badilisha wino au filamu.

Njia za kuchapa ni mbili kwa mtu wa kawaida.

Kama stika ni nyeusi peke yake juu ya nyeupe au fedha, zipo karatasi za A4 za poliesta za printa ya leza. Usijaribu vinili humo: mahali pa kuchomea unga wa wino pana joto la karibu nyuzi 200, vinili itayeyukia kwenye roli na printa imekufa. Unga wa leza ni plastiki, petroli inaulainisha, kwa hiyo funika na filamu angavu ya poliesta ya mikroni 25. Acha nafasi ya milimita moja na nusu bila wino ukingoni, kwa sababu petroli huingilia pembeni, siyo juu.

Kama kuna rangi mbili au zaidi, na hasa nyekundu au njano iliyolala nene, nenda skrini, yaani wino unasukumwa kupitia wavu. Hapo ndipo sura ya asili inapopatikana, maana nyingi zilichapwa hivyo: rangi moja imejaa, ukingo mkali, unaihisi kwa ukucha. Printa inaijenga nyekundu kwa vinukta vya rangi nyingine. Weka kioo cha kukuzia, utaona mchele. Skrini haina mchele.

#7 BiRula

Naongeza kwenye skrini, maana mafundi wengi wa huku ni wa fulana na watatumia vifaa vya fulana.

Wavu wa fulana ni wa nyuzi 43 hivi kwa sentimita. Kwa herufi za milimita mbili unataka 120. Ukitumia 43, ukingo wa herufi unatoka na meno, na tundu la "e" na la "a" yanajaa wino. Wino wa fulana nao usitumie, haushiki plastiki; taka wa kuyeyushwa na kemikali uliotengenezewa vinili na poliesta, au wa sehemu mbili wenye kigumishi, ambao ndio mgumu zaidi mbele ya petroli. Ukichanganya kigumishi, una masaa machache tu, changanya kidogo kidogo.

Inua skrini 2 hadi 3 mm juu ya filamu. Ikigusa kabisa, wino unavuja chini ya ukingo. Anza na rangi nyepesi, malizia na nyeusi, na nyeusi iingie juu ya nyekundu kwa 0.2 mm, ukizichora ziguse tu ukingo kwa ukingo, skrini ikihama unywele utaona ufa mweupe. Chora alama za msalaba nje ya stika, pembe mbili zinazotazamana, kwa kupangia rangi ya pili.

Ukitaka tano nzuri, chapa kumi na tano. Za kwanza hutoka na wino hafifu, za mwisho hujaa kwa sababu wavu umeanza kukauka.

Jambo la fedha pia. Stika ya asili ikiwa na herufi za fedha juu ya nyeusi, zile herufi mara nyingi hazikuchapwa: ni filamu yenyewe inachungulia. Chapa nyeusi juu ya filamu ya fedha, acha herufi wazi. Wanaochapa kijivu juu ya nyeupe wanapata kitu kilichokufa, hakimeti ukipita nacho. Na kinyume chake, ukitaka nyeupe juu ya fedha kwa printa ya kawaida ya stika, huipati, kwa sababu nyingi hazina wino mweupe.

#8 L24_Nakuru

Asanteni sana. Swali la mchoro: programu ina kitufe cha kugeuza skani kuwa vekta (mchoro wa mistari badala ya vinukta) yenyewe. Kinatosha?

#9 Kistari

Hakitoshi, kaka. Kile kitufe hakijui tofauti ya herufi na uchafu. Pembe kali zinakuwa za duara, mstari mnyoofu unapata vifundo (nukta zinazoushika mstari) arobaini, na kila doa la oili linakuwa kisiwa. Weka skani chini kama kielelezo kwenye Inkscape, programu ya kuchorea vekta, ifunge isihame, chora juu yake kwa mkono. Mstari mnyoofu ni vifundo viwili, basi. Duara ni vinne.

Usiweke herufi kwa kubahatisha fonti. Kosa linaloonekana kuliko yote kwenye stika za kuchapwa upya ni Arial. Arial ilichorwa 1982; haiwezi kuwa kwenye gari la 1972. Iliyokuwapo ni Helvetica, iliyotoka Uswisi 1957 kwa jina la Neue Haas Grotesk, na ndugu zake wa miaka hiyo kama Univers. Kutofautisha: tazama juu ya "t" ndogo. Kwenye Arial imekatwa mshazari, kwenye Helvetica imekatwa sawa. Mguu wa "R" kubwa kwenye Arial unakwenda mshazari mnyoofu. Kwenye Helvetica unashuka karibu wima. "G" kubwa ya Helvetica ina kimguu chini kulia, ya Arial haina.

Stika za Japani zina shida zaidi. Herufi zake za Kilatini mara nyingi hazifanani na fonti yoyote ya kununua, nyingine zilichorwa kwa mkono na mchoraji wa kiwanda. "S" inaweza kuwa nzito juu kuliko chini, nafasi kati ya herufi haziko sawa. Usizisahihishe! Chora kila herufi kama ilivyo, na "A" ikitokea mara tatu kwa maumbo matatu, chora mara tatu. Mkono wa yule mchoraji ndio unaoifanya stika ionekane ya gari hilo.

Namba ndogo ya pembeni usiiache. Nissan ya zama hizo huandika namba ya kipuri kwa vipande viwili vya tano tano, kistari katikati. Angalia kama ni "I" au "1", "O" au "0".

Ukimaliza, chora mstari wa 100 mm kamili nje ya stika, chapa kwenye karatasi ya kawaida, upime. Printa nyingi hupunguza ukurasa ili utoshee, na asilimia tatu nne zinapotea bila kuambiwa. Mstari ukisoma 97, rudi kwenye mpangilio, weka asilimia 100. Kisha kata ile karatasi, iweke juu ya stika ya zamani, mulika kwa nyuma.

#10 PickupA12

Na ile nyekundu iliyokuwa pinki? Unajuaje nyekundu ya kwanza?

#11 BiRula

Itafute pasipofika mwanga: chini ya kibano cha waya, chini ya ukingo uliopandiwa na kipande kingine, au chini ya doa nene la grisi. Safisha kwa kitambaa chenye maji na sabuni, siyo thina. Hata milimita tatu za nyekundu safi zinatosha.

Linganisha kwa mwanga wa mchana kivulini, saa nne asubuhi hivi, siyo chini ya taa ya gereji. Chapa vibonge kumi vya nyekundu zinazokaribiana juu ya filamu ileile utakayotumia, kisha viweke kando ya kile kipande. Rangi ileile juu ya karatasi na juu ya poliesta ya fedha ni rangi mbili. Kioo cha simu usikiamini kabisa.

Njano ya asili pia ichunguze. Vanishi ya zamani hugeuka njano kwa joto, kwa hiyo "krimu" unayoiona inaweza kuwa nyeupe iliyoungua. Kwangua kidogo sana ukingoni uone chini.

#12 Chesi_na_Sahani

Kabla hamjachapa, hakikisheni stika yenyewe ni ya gari hilo. Seti nyingi zinazouzwa mtandaoni zimetengenezwa kwa magari ya soko la Marekani. Ndani yake kuna lebo ya udhibiti wa moshi, na kwenye nyingine za 1975 kuendelea kuna ya petroli isiyo na risasi peke yake. Sheria za Marekani ndizo zilizozitaka. Gari lililoletwa Mombasa au Dar likiwa jipya 1972 halikuwa na sababu ya kuwa nazo. Ukizibandika, umelibebesha gari historia isiyo yake. Gari likiingizwa kwenye mashindano ya magari ya Africa Concours d'Elegance pale Ngong, boneti hufunguliwa, na anayejua ataona.

Kwa wenye Land Rover: stika ya betri siyo pambo. Series I, II na IIA za mwanzo zilitoka na nguzo chanya ya betri imefungwa kwenye bodi. IIA za mwisho, kisha Series III (1971 kwenda mbele), ni hasi kwenye bodi. Ukichapa upya stika ya chanya kwa sababu ndiyo asilia, wakati gari limeshawekewa altaneta na kugeuzwa, fundi atakayefuata ataisoma, atafunga betri kama ilivyoandikwa, na daiodi za altaneta zitaungua papo hapo. Hapo weka stika inayosema ukweli wa sasa, ile asilia ihifadhi kwenye faili la gari.

Na sahani ya chesi siyo stika. Hata ikiwa imechakaa, usichape wala usigonge upya namba za utambulisho wa gari bila mamlaka ya usajili. Kuuza stika zenye nembo ya kampuni nako ni jambo tofauti na kujichapia ya gari lako. Nembo ina mwenyewe.

#13 L24_Nakuru

Imeeleweka. Robo iliyoliwa na petroli je? Maandishi hayapo kabisa.

#14 Kistari

Mara nyingi yapo kidogo. Skani kwa rangi, kisha gawanya picha kwa nyekundu, kijani na buluu, tazama kila moja peke yake ikiwa nyeusi na nyeupe. Njano iliyofifia hujitokeza kwenye buluu. Mulika tochi ya miale ya zambarau gizani, gundi na vanishi hung'aa tofauti na mahali palipokuwa na wino.

Pasiposomeka, tafuta stika ya gari la mwaka huohuo na soko hilohilo. Maelezo ya kiufundi yalinganishe na kitabu cha gereji. Mfano, chujio la 240Z ni la karatasi iliyoloweshwa oili, ambalo Nissan ilielekeza lisipulizwe wala kuoshwa, libadilishwe kila kilomita 40,000. Ukiona mabaki ya namba inayoanza na 4, una pa kuanzia, lakini linganisha nafasi na idadi ya herufi kabla hujakubali. Nafasi ya tapeti (valvu) za L24, injini ya 240Z, ikiwa ya moto ni 0.25 mm upande wa kuingiza na 0.30 upande wa kutoa. Namba kama hizo zikikosewa kwenye stika, kuna fundi atakayezifuata.

#15 SkriniNaWino

Kubandika, kwa kuwa rangi itakuwa mpya. Rangi ya sehemu mbili isiyopitishwa kwenye oveni iache wiki tatu nne. Inaendelea kutoa mvuke wa thina, poliesta haipitishi hewa, kwa hiyo mvuke unakusanyika chini na kuleta mapovu ambayo hata ukiyatoboa yanarudi.

Futa bati kwa spiriti safi ya aisopropili, usitumie petroli wala kitambaa chenye nta. Bati liwe kati ya nyuzi 20 na 30. Likiwa la moto gundi inakamata kabla hujapanga, likiwa baridi haikamati. Bandika kavu. Panga kwa vipimo ulivyoandika, shikilia ukingo mmoja kwa selotepu ya karatasi, bandua karatasi ya nyuma sentimita mbili tu, kandamiza kutoka katikati kwenda nje kwa kadi ya plastiki iliyovishwa kitambaa, kisha endelea kubandua. Gundi ya namna hii inahitaji mgandamizo, kwa hiyo kaza mkono. Inafikia nguvu yake baada ya siku moja hadi tatu, usiwashe injini wala kuosha kabla ya hapo.

Kama asili ina pembe za duara, zifuate. Pembe kali huinuka kwanza. Usipulize klia (rangi angavu ya juu) juu ya stika. Inayeyusha wino, na ukingo unaonekana umezama kwenye rangi, jambo ambalo kiwanda hakikulifanya.

Boksi la chujio la chuma halina shida. Kwa wenye magari ya baadaye yenye boksi la plastiki nyeusi, gundi ya kawaida haishiki ile plastiki. Taka filamu yenye gundi ya plastiki ngumu kushika, la sivyo ndani ya mwezi utaikuta sakafuni.

#16 L24_Nakuru

Nitapima wiki hii kabla ya kung'oa rangi. Zitakazobaki baada ya kuchapa, zinakaa muda gani?

#17 BiRula

Mwaka mmoja hadi miwili, gundi ikiwa bado nzuri. Zilaze katika bahasha ya karatasi, ndani ya kabati baridi, mbali na gereji, kitabu kizito juu yake. Usizikunje kwenye bomba, poliesta inakumbuka mkunjo. Mchoro wenyewe uhifadhi mara mbili, katika vekta na katika PDF, na skani ghafi ya stika ya zamani usiifute.